Risala ya Kikundi cha Kusaidiana cha Waliokuwa Chuoni Mwaka 2020, kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mlezi wetu,
Wazazi, na wadogo zetu mnaosoma sasa,

Tunakukaribisha kwa heshima. Foleni ya Ubungo jioni ya Ijumaa tunaijua, nawe umefika hata kabla ya maji ya kunywa tuliyoagiza.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi hiki kilizaliwa kwa ajili ya magodoro. Machi 16, 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake shule zikafungwa, na Machi 18 ikawa zamu ya vyuo. Tulikuwa mwaka wa pili. Stendi ya mikoani bado ilikuwa Ubungo, na pale kila mtu alikuwa na begi tu, maana nauli haikutosha na mizigo. Magodoro, ndoo na majiko ya watu kumi na mmoja tuliyarundika kwenye geto moja la Msewe, ufunguo akabaki nao mwenzetu mzaliwa wa Temeke. Kuchangia kodi ya chumba kile ndiko kulikotufanya kikundi.

Vyuo vikafunguliwa Juni 1. Siku 75. Kwa wenzetu wa Uganda, ambako shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, hizo ni likizo. Hatukuja kushindana nao kwa machozi.

Ila siku 75 hazikuwa sawa kwa kila mtu. Mwenye kompyuta na bando alisoma. Katibu wetu alikuwa Ifakara, mpunga ukianza kukomaa, akashinda juu ya dungu akiamia ndege tangu alfajiri. Madesa, yaani nukuu za masomo, yalitumwa kwenye kundi la WhatsApp, picha za kurasa mia na zaidi. Alinunua bando la kuzipakua, likaisha katikati ya sura ya pili. Alirudi Juni akijua sura moja na nusu, na mitihani imesogezwa karibu. Dada yetu mmoja wa mwaka wa tatu utafiti wake ulihusu wanafunzi wa shule ya msingi. Dodoso ameshatoa fotokopi, wanafunzi wote wako majumbani! Alibadili mada wiki chache kabla ya kukabidhi.

Tusimsahau mama lishe wa getini. Tuliondoka na madeni kwenye daftari lake, wakati bumu, yaani mkopo wa kujikimu, lilihesabiwa shilingi 8,500 kwa siku na yeye ndiye aliyetukopesha lilipochelewa. Tuliporudi hakuwepo. Hadi leo hatujui pa kumlipa.

Juni tuligawana magodoro, mawili yakabaki. Mmoja wa wenyewe alishikilia duka la baba yake Tunduma, biashara ikiwa imedorora. Hakujua kwamba mtu anaweza kuandika barua ya kuahirisha masomo. Mwingine alijifungua Agosti, akaona aibu kurudi. Hakuna aliyewapigia simu kutoka ofisi yoyote. Sisi wenyewe tulipiga mwezi Oktoba, tukiwa tumechelewa, na hilo tunalikiri mbele yako.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa michango yetu tumenunua Kariakoo kompyuta mpakato nne zilizotumika, zinazoazimwa wiki mbili mbili. Tunaomba utusaidie kuongeza, na masomo yawekwe kwenye flashi ili asiye na bando asibaki nyuma. Lakini ombi letu kubwa halina gharama: chuo kikifungwa tena, kwa ugonjwa au kwa mafuriko, siku ya kufunguliwa pawe na mtu mwenye orodha na simu, awatafute wasiofika, na fomu ya kuahirisha masomo ijazwe hata kwa simu.

Yale magodoro mawili tuliyauza mwaka jana. Fedha imeandikwa kitabuni kwa majina yao, na mmoja ameahidi kuja kuichukua.

Tunaomba kuwasilisha.