Asante, fundi wa draivu ya flopi

Fundi uliyekataa jina lako litajwe, ahsante sana. Draivu ya flopi (kifaa cha kusoma diski) ya Amiga 500, kompyuta ya zamani, imetulia.

Umetufunza kwanza kutofautisha kelele. Ile “tik” ya kila mara draivu ikiwa tupu si ubovu: kompyuta inasogeza kichwa cha kusomea ili ijue kama diski imeingia, na ukiweka diski inakoma. (Wangapi wamebadilisha draivu nzima kwa “tik” hiyo!) Mkwaruzo wakati wa kusoma ndio ugonjwa wenyewe, grisi ya zamani iliyogandia kwenye skrubu ndefu inayosukuma kichwa traki kwa traki (njia za duara za data kwenye diski), zote 80.

Dawa yako: chomoa umeme, ondoa kifuniko, futa grisi kuukuu kwa pamba ya masikio yenye spiriti ya isopropili, halafu paka grisi nyeupe ya lithiamu, kiasi cha punje ya mchele. WD-40, yale mafuta ya kupuliza, usiiguse, haikai. Kichwa cha juu usikiinue kwa nguvu. Springi yake ikipinda, diski hazisomeki tena.

Na diski yenye ukungu isiingizwe kamwe kabla ya kusafishwa, maana inachafua vichwa papo hapo.