Barua kwa mwanangu aliye kambini Arusha

Mwanangu,

Sisi huku Kirumba, Mwanza, wazima, ila bibi yako miguu inamsumbua. Nakuandikia kwa sababu juzi kwenye simu kila nikifungua mdomo ulinikatisha, halafu salio nalo likaisha.

Unasema wakala amekuahidi pesa ukakimbie marathoni nje. Una miaka 20, na ugoko unakuuma ukishuka ngazi. Kilomita 42 na mita 195, baba? Juzi juzi tu ulikuwa unazunguka Uwanja wa Nyamagana na raba za kuazima!

Babu yako mzaa mimi alitoka Majita, alikozaliwa Suleiman Nyambui. Hakuchoka kutusimulia mbio za Moscow 1980, mita 5,000. Mzunguko wa mwisho Miruts Yifter wa Ethiopia akachomoka, Nyambui naye nyuma yake, akakosa dhahabu kwa chini ya sekunde moja. Siku moja kabla, Filbert Bayi alikuwa amechukua fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hizo mbili ndizo medali zetu zote za Olimpiki mpaka leo.

Babu akifika hapo watu huinuka waende zao, yeye anaendelea. Kwamba Nyambui alikuwa akisoma Marekani, huko El Paso, akashinda mita 10,000 za vyuo vikuu miaka minne mfululizo. Miaka yote hiyo uwanjani, si barabarani! Marathoni ya Berlin alikuja kuishinda 1987, akarudia 1988. Amezaliwa 1953, piga hesabu mwenyewe.

Na huyo Alphonce Simbu uliyembandika ukutani? Shaba ya dunia ya marathoni aliipata London 2017, dhahabu Tokyo 2025. Ulinipigia kabla ya saa kumi alfajiri unalia, nikadhani kuna msiba. Kumbe yeye na Mjerumani wamemaliza kwa saa 2:09:48 wote wawili, hadi picha ikaamua. Lakini hukuniambia kitu kuhusu ile miaka minane ya katikati.

Mwaka uliokwenda bweni nilihitaji pesa ya godoro na sare. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, nikaanua dagaa chanjani nje wamekauka, ndani bado wabichi, nikashindilia kwenye magunia nikauza. Mnunuzi akarudi kutoka Congo na gunia limeota ukungu, akalimwaga mbele ya meza yangu, soko zima la Mwaloni linatazama. Pesa nilirudisha. Yeye hakununua kwangu tena, na godoro ulilalia la mkopo. Sisemi wewe ni dagaa. Nasema ile haraka naijua, na aliyenipa bei nzuri siku ile sikumwona siku ya kumwaga.

Huyo wakala ugoko si wake. Ukivunjika atatafuta kijana mwingine.

Mwambie kocha unavyoumia, mwambie wiki hii. Usipomwambia, namba yake ninayo na unajua sina aibu. Mita 5,000 zako endelea nazo. Pesa ya chakula nitatuma kama kawaida.

Kesho nakuwekea kifurushi kwenye basi: dagaa kilo nne na sato wa kukaanga. Sato uanze nao, hawatakaa. Na ile ndoo yangu ya bluu uirudishe safari hii.

Mama yako