Wakala wa mitindo asiwatoze watoto wetu

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani wa Mwananyamala, nawashonea wanamitindo nguo za maonyesho. Juzi binti wa jirani yangu, yuko kidato cha nne, alinionyesha ujumbe wa mtu anayejiita wakala: atume Sh150,000 za usajili, kisha aende hotelini jioni, peke yake, akapigwe picha za nguo za kuogelea. Nilimwambia mama yake asitoe hata senti. Wakala wa kweli hukata kamisheni kazi ikishalipwa.

Tena picha za kuanzia si gharama. Ukuta mweupe, mwanga wa mchana, fulana na suruali ya kubana, nywele zimebanwa nyuma, uso bila vipodozi, simu inatosha. Vipimo vya kifua, kiuno na nyonga nitamchukulia bure, mama akiwepo.

Wazazi, ulizieni usajili wa kampuni ya wakala huko BRELA, ofisi ya serikali inayosajili biashara, na kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Mkataba usomwe nyumbani kwanza. Nawaomba BASATA wachapishe gazetini orodha ya mawakala waliosajiliwa kabla shule hazijafungwa, maana likizoni ndipo matangazo haya husambaa.

Mama Fundi,
Mwananyamala, Dar es Salaam