Nondo si pini ya trela

Mhariri,

Msimu wa kuvuna ukipamba moto, barabara za Muhoroni, Chemelil na Awasi hujaa trekta zinazovuta trela zilizofurika miwa. Watu hulalamikia miwa inayomwagika na trela zisizo na taa usiku, na wana haki. Lakini chungulia nyuma ya trekta, pale trela inaposhikwa na pini moja tu. Mara nyingi utakuta kipande cha nondo kilichokunjwa kichwa.

Nondo ilitengenezwa ilale ndani ya saruji. Ina mbavu, kwa hiyo hugusa tundu kwa nundu chache, na zikisagika inazidi kucheza. Nondo ya milimita 25 kwenye tundu la 30 huacha mwanya wa milimita 5. Dereva akishika breki, trela inasonga mwanya huo kisha inagonga; akiondoka tena, inagonga upande wa pili. Hiyo ni nyundo ya tani kadhaa, kutwa nzima. Tundu linageuka umbo la yai, na hapo hata pini mpya haitulii mpaka lijazwe kwa kuchomelewa na kutobolewa upya.

Pini ya kweli hupita taya ya juu ya trekta, pete ya trela, kisha taya ya chini, hivyo mzigo unagawanywa mahali 2. Ikiliwa kutoka milimita 30 hadi 27, imepoteza karibu moja ya tano ya eneo la chuma kinachozuia kukatika, na zaidi ya robo ya nguvu ya kuhimili kupinda. Kwa macho ni mfereji mdogo tu unaong'aa katikati. Kwa hiyo ichomoe, ioshe kwa dizeli, uipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, pale katikati na pale inapokaa kwenye taya. Mimi iliyopungua milimita 3 naihesabu chuma chakavu.

Wengine hukimbilia bolti. Hata yenye alama ya 8.8 kichwani, yaani bolti ya chuma kigumu, meno yakiingia ndani ya tundu imeharibika kazi: chuma ni chembamba kwenye meno, na meno yenyewe hukereza tundu kama tupa. Pini ngumu iliyovunjika nayo isichomelewe. Moto huharibu ugumu wake na kuacha chuma kikavu kama kigae kando ya kiungo.

Chini ya pini iwepo klipu au kota pini (kipini cha kukunjwa miguu kinachozuia pini kuchomoka), si msumari. Minyororo 2 ipishane chini ya mkono wa trela, ili mkono ukichomoka uangukie hapo badala ya kuchimba lami. Ilegee kiasi cha kukata kona, basi. Anayeteremka na miwa kutoka upande wa Nandi anaijua maana yake, maana huko trela ndiyo inayosukuma trekta.

Kwenye foleni ya mizani kiwandani trekta husubiri saa nyingi, na ukaguzi huu hauchukui dakika 5. Viwanda viweke hapo mtu mwenye kalipa, na trela yenye nondo isipimwe mzigo hadi ibadilishwe pini.

Fundi wa mitambo ya shambani,
Muhoroni