Kuflashi ruta ni rahisi, leseni je?

Mhariri,

Nimeisoma mara mbili barua ya msomaji wenu wa Moshi aliyewashauri vijana wapakue programu ya AREDN, waiflashi (yaani waiweke badala ya programu ya kiwandani) kwenye vifaa vya intaneti vya mtumba, kisha wauziane bando mtaa kwa mtaa. Ari yake nimeipenda. Lakini ushauri huo utawaponza vijana, nami siwezi kunyamaza, maana kifaa anachokisema ninacho juu ya paa langu hapa Houston, Marekani.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. AREDN imetengenezwa na watu wa redio za ridhaa, yaani wenye leseni ya kurusha mawimbi bila malipo, kwa kujifunza na kwa kusaidiana wakati wa maafa. Imejengwa juu ya OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta. Ukiiweka kwenye kifaa cha kampuni ya Ubiquiti au MikroTik, kifaa hicho kinawatafuta wenzake chenyewe na kila kimoja kinapitisha ujumbe wa mwingine. Kimoja kikizimika, ujumbe unatafuta njia nyingine.

Kuflashi kwenyewe fundi simu wa Kariakoo atamaliza kabla chai haijapoa. NanoStation yangu, kifaa cha Ubiquiti, niliibonyeza kitufe cha riseti kwa pini huku nikichomeka umeme, nikashikilia mpaka taa zikaanza kupokezana, nikaipa kompyuta anwani inayoanza na 192.168.1, nikarusha faili la programu kwenda anwani ya kifaa, 192.168.1.20. Mara ya kwanza likakataliwa. Nilikesha hadi saa nane usiku, kumbe nilikuwa nimepakua faili la toleo la XM na kifaa changu ni cha toleo la XW. Kwa hiyo yeyote anayejaribu asome kwanza toleo la kifaa kwenye ukurasa wake wa mipangilio, kabla ya kugusa chochote.

Kikiwaka upya kinajiita NOCALL, na hapo kinakudai alama yako ya wito, yaani jina la redio linalokuja na leseni, ile ambayo Tanzania huanza na 5H. Kijana asiye na leseni ataandika nini hapo? Ataandika uongo.

Na si karatasi tu, Mhariri. Programu hii inakuwezesha kurusha kwenye 2397 MHz, chini ya chaneli zote za Wi-Fi ya nyumbani, mahali ambapo mtu wa kawaida hana ruhusa. Kwenye 5 GHz hatari ni kubwa zaidi. Hapa Marekani redio za ridhaa zinafika 5925 MHz, lakini kwenye mgawanyo wa kimataifa wa Kanda ya 1, ambamo Afrika imo, zinaishia 5850. Kijana akifuata maelekezo ya Wamarekani neno kwa neno, anaweza kuchagua chaneli ya watu wengine bila kujua.

Kuhusu biashara: sheria za redio za ridhaa hapa zinakataza kutumia masafa hayo kwa kujipatia fedha. Zinakataza pia kuficha maana ya ujumbe kwa msimbo, ndiyo maana mawimbi ya AREDN yanakwenda wazi, bila kufungwa kwa neno la siri. Sasa mtu anunue bando kwa jirani, aingie benki au atume fedha kwa simu kupitia mtandao wa namna hiyo? Anayetaka kuwagawia majirani intaneti atumie OpenWrt ya kawaida, kwenye chaneli za kawaida za Wi-Fi, afunge kwa neno la siri, na aulize mamlaka kuhusu kibali cha kuuza.

Najua kwa nini msomaji wenu ana hamu. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, dada yangu wa Tanga alikaa kimya siku nzima nami nikihangaika. Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Julai, kimbunga Beryl kikatupiga sisi. Wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme, na simu yangu ikawa inashika mtandao na kuachia. Kile kifaa cha paani nilikiunga kwenye betri ya gari. Tulikuwa wanne tu tuliounganika, lakini kwa simu ya mezani niliyoiunga kwenye mtandao huo nilimpata mwenzangu umbali wa kilomita 3, akaenda kumwangalia mzee ninayemtunza, ambaye mashine yake ya oksijeni inategemea umeme. Alimkuta na mtungi wa akiba umebaki robo.

Leseni yangu niliipata kwa mtihani wa maswali 35, ukipata 26 umefaulu. Maswali yote huchapishwa kabla, mgeni anaruhusiwa, na siku hizi hakuna mtihani wa Morse, ile lugha ya nukta na mistari. Nilisoma wiki tano nikitoka zamu ya usiku.

Ombi langu: gazeti lenu liende TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, liulize hatua kwa hatua mwanafunzi wa Moshi au Tanga anapataje leseni ya redio ya ridhaa, ada ni kiasi gani na anajaza fomu gani, kisha mlichapishe jibu lote. Na huyo kijana, kama kifaa ameshanunua, asikiuze. Akifunge kwenye mfuko kisiingie vumbi, aanze kusoma.

Mzaliwa wa Tanga,
Houston, Texas