Barua kwa mwanangu: usiondoke na mstari mmoja

Mwanangu mpendwa,

Dada yako ameniambia neno, na tangu aliponiambia sijatulia. Anasema Biblia yako unaiacha kabatini kwa sababu begi limejaa, na kwamba siku hizi unatosheka na ule mstari mmoja unaotumwa kwenye simu kila asubuhi. Sikuandikii ili kukugombeza. Biblia iliyo kwenye simu ni Biblia vilevile, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni huo mstari mmoja. Unakwenda kuanza kazi mahali ambapo hakuna wa kukugongea mlango Jumapili asubuhi, na akiba yako ya njiani ni mstari mmoja.

Na mstari wenyewe nimeuona, umeuweka kwenye ukurasa wako: Yeremia 29:11. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Neno zuri, nami nalipenda. Lakini niambie, mstari wa 10 unasema nini?

Unasema miaka 70.

Sura ile ni barua. Yeremia aliiandika kutoka Yerusalemu kwa watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 KK. Rudi nyuma sura moja tu, kwenye ya 28, utamkuta nabii Hanania amesimama hekaluni akiahidi kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya BWANA vitarudi, na mateka nao watarudi. Habari tamu hiyo. Barua ya Yeremia inakuja kuikata: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, zaeni watoto, uombeeni amani mji huohuo mliopelekwa, kwa maana kurudi ni baada ya miaka 70. Mtu wa miaka 30 aliyeisikia barua ile ikisomwa alielewa kwamba yeye hatarudi, labda wajukuu wake. Ndipo, baada ya hayo yote, linatajwa tumaini. Aliyelipokea pamoja na mistari iliyolitangulia alipata sababu ya kupanda mti. Aliyelinyofoa peke yake alikuwa anaingojea miaka miwili ya Hanania kwa maneno ya Yeremia, na mwaka wa tatu ulipoingia hakubaki na yeyote kati ya hao wawili.

Hilo ndilo ninaloliogopa kwako. Sikuogopei dhambi kubwakubwa. Naogopa mwezi wa tatu au wa nne, kazi imekuwa ngumu, wenzako wamepandishwa wewe umerukwa, nawe unautazama mstari wako na kusema, mbona mawazo ya amani siyaoni? Watu wengi hawaiachi imani kwa kubishana nayo. Wanaiacha kwa sababu walilishika neno ambalo Mungu hakulisema namna ile.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja: fungu moja la Maandiko, juma zima. Usiniambie ni kidogo. Wewe una kichwa chepesi, unashika upesi kuliko sisi wote humu ndani, na hilo ndilo linalokuponza, maana ukishashika unadhani umemaliza.

Fungu liwe la mistari 8 hadi 20. Chini ya hapo unarudi kulekule kwenye kunyofoa. Ukizidisha, ifikapo Jumatano utakuwa unasoma ili umalize. Kata mahali ambapo jambo lenyewe linakatika: kisa kutoka mwanzo hadi mwisho, zaburi nzima, au hoja ya mtume hadi atakapogeukia jambo jingine. Namba zisikutawale. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Paulo hakuandika mistari, aliandika barua, na hakuna mtu anayepokea barua akasoma sentensi ya kumi na moja kisha akaikunja.

Jumapili jioni lisome kwa sauti mara mbili, usiandike kitu. Kwa sauti, nasisitiza, kwa sababu jicho linayaruka maneno linayoyazoea na ulimi hauruki. Yule towashi wa Kushi katika Matendo 8 alikuwa akisoma garini kwa kusikika. Ndiyo maana mwinjilisti Filipo alimsikia, akapata la kumwuliza. Jumatatu soma kilicho kabla na kilicho baada, sura moja kila upande, haraka tu, robo saa inatosha. Siku hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ukiniuliza mimi ndiyo inayookoa juma zima. Kwa Yeremia 29, bila Jumatatu humwoni Hanania.

Jumanne nakili fungu kwa mkono, kwenye daftari. Najua utacheka. Mistari 14 inakula kama nusu saa, na ukifika katikati utaona neno ambalo macho yalikuwa yanalipita.

Jumatano uliza maswali, na hapo ukae. Nani anasema, na anamwambia nani? Ni kitu gani kimetokea kabla hajasema? Neno gani linarudiwa? Wapi pana "lakini", "basi" au "kwa maana", na linaunganisha nini na nini? Fungu linasema nini juu ya Mungu, kabla hujauliza linasema nini juu yako? Mpangilio huo usiupindue. Ukianza na "hili linanihusu vipi?" utajikuta wewe katika kila ukurasa na Mungu humkuti popote. Halafu swali la mwisho, ambalo watu hawalipendi: hapa hakuna ahadi gani ambayo mimi ningetaka iwepo? Katika Yeremia 29 hakuna ahadi ya kurudi upesi. Katika Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", hakuna ahadi ya kushinda mtihani wala usaili. Soma mstari wa 11 na wa 12, Paulo yuko kifungoni na anazungumzia kujifunza kuwa radhi akishiba na akiona njaa. Ufafanuzi wa wataalamu uusome baada ya kumaliza maswali yako, usiutangulize, la sivyo utakuwa unasoma majibu ya mtu mwingine na kuyaita tafakari.

Alhamisi geuza fungu kuwa sala. Maneno yatoke humo humo: penye amri omba nguvu, penye onyo ungama, penye ahadi shukuru, penye kilio lia. Ijumaa usisome kabisa. Chukua kifungu kimoja cha maneno, tembea nacho kutwa. Unaona, sijaukataza mstari mmoja. Una siku yake, na siku yake ni ya sita, baada ya kujua umetoka wapi. Jumamosi msimulie mtu fungu lile kwa dakika mbili bila kufungua kitabu. Ukishindwa kusimulia, hukulielewa, lirudie juma linalofuata na usione haya.

Wala usidhani nimeyatunga mimi. Mtawa mmoja wa karne ya 12, Guigo wa Pili, alishaandika juu ya ngazi ya hatua nne: kusoma, kutafakari, kusali, kisha kutulia mbele za Mungu. Tofauti ni kwamba hapa ngazi imetandazwa juu ya siku saba kwa ajili ya mtu mwenye kazi.

Ukikosa siku mbili, usizilipe. Endelea na siku uliyopo. Hapo ndipo wengi wanapoachia: wanalimbikiza deni, linakuwa milima, kisha wanaona haya hata kufungua. Neno la Mungu halina faini ya kuchelewa. Na simu, ikiwa ndiyo Biblia yako, zima mlio na taarifa kwa dakika zote unazosoma, maana ujumbe mmoja ukiingia fungu limekwisha. Kama begi linabeba chochote zaidi, ile ya karatasi ndogo iko mahali pake, nitaiacha mezani.

Kuhusu kuchagua, usifumbe macho ukafungua popote. Hiyo ni bahati nasibu. Nimekupangia majuma manne ya kwanza. La kwanza Yeremia 29:1-14, ili uupate mstari wako ukiwa mzima. La pili Zaburi 13, mistari sita tu, na hii naivunjia kanuni yangu kwa kuwa ni zaburi nzima: "hata lini" mara nne ndani ya mistari miwili, na mwisho ni wimbo, ingawa haisemwi kwamba kuna kilichobadilika. La tatu Warumi 5:1-11, uone tumaini linavyozaliwa kwa mpangilio: dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti wa moyo huleta tumaini, "na tumaini halitahayarishi". Utaona Paulo hakulianzisha tumaini mahali pepesi. La nne Luka 24:13-35, wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau, na hili nalo linapita kanuni yangu kwa mistari mitatu kwa kuwa ni kisa kizima. "Nasi tulikuwa tukitumaini," wanamwambia Yesu mwenyewe, kitenzi kikiwa cha wakati uliopita, naye yuko kando yao na hawamtambui. Hawakemei tu, anawafungulia Maandiko kuanzia Musa na manabii wote. Hakuwapa mstari mmoja, na mimi nitalisema hili mpaka ulichoke.

Baada ya hapo fuata kalenda ya masomo, yaani orodha ya mafungu yanayosomwa ibadani kila Jumapili, kama kanisa utakalolipata linaitumia, kwa sababu fungu utakalotafakari ndilo utakalolisikia likihubiriwa. Mzunguko ni wa miaka mitatu: mwaka A Mathayo, B Marko, C Luka, na Yohana anaingia zaidi Kwaresima na Pasaka. Kujua uko mwaka gani, gawanya mwaka kwa 3: ikibaki 1 ni A, ikibaki 2 ni B, isipobaki kitu ni C. Mwaka 2026 inabaki 1, basi ni Mathayo. Ila kumbuka mwaka wa kanisa unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, Jumapili nne kabla ya Krismasi, hauanzi Januari. Kama kanisa lenyewe halifuati kalenda, chukua kitabu kifupi ukimalize: Ruthu, Yona na Wafilipi vina sura nne nne. Waraka wa kwanza wa Petro una tano, nao umeandikiwa wageni waliotawanyika, nadhani utakufaa.

Kuna majuma ambayo hutasikia kitu. Fungu litakuwa kavu, sala itakuwa nzito. Usibadilishe fungu kutafuta lenye ladha, kaa nalo. Na ukifika mahali pa kuwa na shaka, usinifiche mimi wala usimfiche Mungu. Yule baba wa Marko 9:24 alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mwanawe aliponywa siku hiyohiyo. Zaburi 88 nayo inaishia gizani, haina mstari wa kufariji mwishoni, lakini imo katika Biblia na tunaiita sala. Nakuambia haya mapema kwa sababu wewe ukihuzunika hutafuta zaburi za furaha peke yake, kisha unajiona mnafiki.

Habari ya kulazimishwa kukariri ulipokuwa mdogo umeshailalamikia vya kutosha, na dada yako amekuunga mkono, basi siirudii. Ila Zaburi 121 unayo kichwani mpaka leo, na hilo nalo si haba.

Tafuta mtu mmoja au wawili wa kusimuliana nao Jumamosi. Wasizidi wanne; wakizidi, mmoja atahubiri na wengine watanyamaza. Na fungu usiligeuze fimbo ya kumpigia mwenzako. Ukiona Jumatano yako yote imekwenda kwa kufikiria nani angepaswa kulisikia hili, anza upya.

Kuhusu kazi yenyewe sijasema, lakini unajua nimefurahi. Baba yako hasemi, ila barua yako ya kuajiriwa ameisoma mara tatu na kuikunja vizuri kuliko risiti zake zote.

Fundi wa paa amesema atakuja, sijui atakuja lini. Shuka zako mbili nimezifua, zilizobaki nazihamishia kwa mdogo wako, usije ukaniuliza baadaye. Chaja ya zamani usiichukue, inakata waya pale shingoni. Vyeti vyako nimevitia kwenye bahasha ya plastiki, nakala juu, halisi chini. Usivipakie kwenye begi la kuwekwa garini nyuma, vishike mkononi. Kitasa cha chumba chako kinakwama, kwa hiyo ukitoka usiufunge mlango kabisa.

Jumamosi ya kwanza nitapiga simu saa mbili usiku. Utanisimulia Yeremia 29 kwa dakika mbili, bila kufungua, na utaanza na Hanania.

Mama yako