Barua kutoka Leipzig: pwani yetu ndani ya mchezo wa kompyuta

Leipzig, Ujerumani
12 Mei 2025

Kwa wazazi wangu wapendwa,
Kilindoni, Mafia

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa wazima wa afya, pamoja na Bibi, Baba Mdogo na wadogo zangu. Mimi huku sijambo, namshukuru Mwenyezi Mungu, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Baridi imekwisha, masomo yanaendelea vyema, na mitihani ya muhula huu itafanyika mwezi wa saba.

Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kulijibu swali ambalo Baba uliniuliza kwenye simu siku ile mtandao ulipokuwa unakatika: imekuwaje binti aliyekwenda Ulaya kusomea kompyuta aombe kazi isiyo na mshahara, tena kazi ya mchezo. Swali hilo ni la haki, na halijibiki kwa ujumbe mfupi wa WhatsApp. Nimemtumia mdogo wangu barua hii ili aichapishe pale steshenari na akusomee jioni, taratibu, na asiruke mahali kwa kuona pana maneno ya kompyuta.

Mchezo wenyewe unaitwa 0 A.D. Mchezaji hupewa watu wachache na jengo moja katika nchi ya zamani za kale, na kazi yake ni kuwatuma watu hao wakusanye chakula, mbao, mawe na madini, wajenge mji, wafunze askari na kushindana na miji mingine inayoongozwa na wachezaji wengine au na kompyuta yenyewe. Mataifa yaliyomo ni ya kweli katika historia: Roma, Carthage, Sparta, Athene, Uajemi, Kush na mengineyo. Wazo lake lilianza mwaka 2001 kama mpango wa kuugeuza mchezo mwingine uliokuwa ukiuzwa madukani. Baadaye kundi linalojiita Wildfire Games liliamua kutengeneza mchezo wake lenyewe tangu msingi, na ilipofika Julai 2009 likaufungua msimbo wote, yaani maandishi ya programu yenyewe, kwa umma. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuupakua mchezo huo bure, kusoma kila mstari ulioandikwa na watengenezaji wake, kuubadilisha na kuwagawia wengine, mradi naye asiwafungie mlango watakaomfuata. Michoro na sauti zake nazo zina leseni ya namna hiyo. Hakuna anayeuuza, na hakuna anayelipwa mshahara kwa kuutengeneza. Wanaoujenga ni watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja na kazi yake ya mchana, na kwa mwendo huo wa kujitolea toleo la ishirini na saba limetoka Januari mwaka huu.

Najua hapo ndipo Baba utakapouliza: kama hakuna malipo, kuna haja gani ya kuomba? Si ungeingia tu ukafanya? Kwa kweli mtu anaweza kuanza kuchangia bila kuomba, lakini anayetaka kushika kazi kubwa hutakiwa kujieleza. Husema anaishi wapi, anasoma au anafanya kazi gani, ana saa ngapi kwa wiki, ana ujuzi upi, na kwa nini anataka kujiunga. Huulizwa waziwazi kama ameelewa kwamba hatalipwa, na kama anakubali kazi yake igawiwe kwa leseni huria. Kisha huonyesha kazi alizokwisha kufanya. Katika maombi yangu yote hayo hapakuwa na mahali pa kuweka cheti, wala barua ya mdhamini, wala jina la mtu ninayemfahamu ndani. Nilipoijaza fomu hiyo ya maombi nilikumbuka jinsi vijana wengi wa kwetu wanavyokaa na vyeti vyao kwenye bahasha za kaki wakingoja kuitwa. Huku kitu kinachoangaliwa ni mistari uliyoiandika, na mistari hiyo inasomwa na kila mtu, leo na miaka kumi ijayo. Kwangu mimi hilo ni jambo zito kuliko mshahara wa likizo moja.

Nilivutwa na mchezo huu kwa sababu ya Kush. Taifa hilo la kale la Sudani liliingizwa katika toleo la Alpha 23 mwaka 2018, na halikuingizwa kwa kupambia tu. Lina mahekalu yake, piramidi zake nyembamba za Meroe, wapiga mishale wake na mashujaa wake, na mmoja wao ni Kandake Amanirenas, malkia ambaye wanahistoria wanamtaja katika vita vya Kush na Roma vilivyoanza kiasi cha mwaka 25 kabla ya Kristo. Kichwa cha shaba cha sanamu ya Kaizari Augusto, ambacho watu wa Kush walikuwa wamekifukia chini ya ngazi za hekalu, kilifukuliwa Meroe mwaka 1910 na leo kimewekwa British Museum, London. Nimesoma historia shuleni kwa miaka mingi na jina la malkia huyu sikulisikia darasani. Nimelikuta kwenye mchezo, limewekwa na watu wa kujitolea waliojisumbua kukusanya picha za magofu na kubishana juu ya umbo la ngao. Kazi kama hiyo naiheshimu kwa moyo wangu wote, nami nimeomba niingie kwa kazi ya aina hiyo.

Nilichopendekeza ni ramani ya pwani yetu. Mchezo una ramani nyingi, zikiwemo za nyika za Afrika na za Nubia ya Chini, na nyingi kati yake hazikuchorwa kwa mkono. Ni programu fupi zilizoandikwa kwa JavaScript, mojawapo ya lugha za kompyuta, ambazo huumba nchi mpya kila mchezo unapoanza: hapa mlima, hapa msitu, hapa maji. Mwandishi wa ramani haamui mti mmoja mmoja utasimama wapi, ila huandika kanuni. Kila eneo analoliweka hulipa alama, kisha huamuru, kwa mfano, kwamba msitu usikaribie migodi, na migodi isikaribie mji wa mchezaji kwa umbali fulani. Katika maombi yangu nimeandika kanuni za pwani kama ninavyoijua: kwamba katika miti ya mikoko, mlilana husimama mbele kabisa ukipigwa na maji, mkoko hufuata nyuma yake kwenye matope laini, na mkandaa hukaa juu zaidi ambako maji hayafiki kila siku, na kwamba mikoko haioti ovyo kila penye bahari, bali hupenda midomo ya mito na hori zilizokingwa na mawimbi, kama ilivyo kule delta ya Rufiji mkabala na kisiwa chetu. Nimeeleza pia mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi nje, na maji tulivu yaliyo kati yake na nchi kavu.

Jambo lililowapendeza wasomaji wa maombi yangu zaidi ni maji yenyewe. Katika mchezo huo kina cha maji kina maana: askari wa miguu hupita kwenye maji mafupi, na merikebu huhitaji kina cha kutosha. Sasa fikiri, Baba, pwani ambayo maji yake hujaa na kupwa. Wakati wa maji kujaa mlango wa bahari uko wazi kwa vyombo, na yakipwa, hasa majira ya bamvua, yaani maji makubwa, mafungu ya mchanga yanatoka nje na watu wanavuka kwa miguu mahali ambapo asubuhi palipita dau. Mchezaji asiyeyajua maji ataachwa na vyombo vyake vimepanda fungu, adui akimjia kwa miguu. Ipo tayari ramani moja ambayo maji yake hupanda kadiri mchezo unavyoendelea, kwa hiyo jambo hili linawezekana, ijapokuwa kuyapandisha na kuyateremsha tena na tena kunaongeza kazi. Hao wenzangu wengi wamekulia mbali na bahari, au kando ya bahari ambayo maji yake hayaendi mbali. Kile ambacho wewe unakijua kwa kutazama mwezi, wao ilibidi niwaeleze kwa kurasa.

Wapo rafiki zangu wa hapa, Watanzania na Wakenya, walionisihi niombe zaidi ya hapo: niombe Waswahili waingizwe kama taifa zima, wenye mfalme wao, askari wao na majengo yao. Nimekataa, na ningependa Baba ujue sababu. Mchezo unashughulika na miaka 500 ya mwisho kabla ya Kristo, na wapo wanaotamani kuufikisha mwaka 500 baada yake. Kwa nyakati hizo habari za pwani yetu zilizoandikwa ni chache mno. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kiitwacho Periplus wa Bahari ya Erythraea, kinautaja mji wa biashara wa Rhapta, ambako wageni walifuata pembe za ndovu na magamba ya kasa, na kinasema jina lake linatokana na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Kinakitaja pia kisiwa cha Menouthias, chenye miti na vyombo hivyohivyo vya kushona pamoja na mitumbwi ya gogo moja, ambako watu walitega kasa kwa vikapu wanavyovifunga kwenye milango ya maji. Niliposoma hayo niliona madema, mitego ya samaki ya Baba Mdogo, mbele ya macho yangu. Wataalamu wamegawanyika kama kisiwa hicho ni Pemba, Unguja au Mafia, na Rhapta yenyewe haijathibitishwa ilipokuwa. Basi nitamtoa wapi shujaa wa kuweka karibu na Amanirenas? Nikimbuni, nitakuwa nimewadanganya watoto watakaoucheza mchezo huo kutoka Lamu hadi Kilwa, nao wataamini kwa kuwa wamemwona kwa macho. Bahari, mikoko, miamba na upepo vilikuwepo, na hayo naweza kuyaandika kwa ukweli. Kuhusu vyombo vya kushona nimeandika tu kwamba vinafaa kutengenezwa na mchoraji atakayekuwa tayari kusoma habari za mtepe, chombo chetu cha kale cha kushonwa kwa kamba, kwani mimi si mchoraji.

Wakaguzi wa mchezo huo ni wakali, na nimewapenda kwa ukali huo. Sehemu ya kwanza niliyowasilisha ilirudi na maoni pembeni mwa mistari: mmoja alitaka upana wa ukanda wa mikoko usiwe namba moja isiyobadilika, bali upimwe kwa ukubwa wa ramani, kwa sababu ramani ya watu wawili ni ndogo sana mbele ya ile ya watu wanane. Mwingine alitaka kuhakikishiwa kwamba kujaa na kupwa kutatokea sawasawa kwenye kompyuta za wachezaji wote. Hilo la pili linahitaji maelezo kidogo. Watu wanapocheza pamoja kwa mtandao, kompyuta zao hazitumiani habari za kila askari amesimama wapi, kwani zingekuwa nyingi mno. Hutumiana amri tu, na kila kompyuta hufanya hesabu zote peke yake. Zikipishana hata kwa sehemu ndogo ya namba, wachezaji hujikuta kila mmoja yuko kwenye vita yake, na mchezo huharibika. Ndiyo sababu hesabu za ndani ya mchezo hufanywa kwa namba za aina maalumu ambazo haziachi nafasi ya kompyuta mbili kukadiria tofauti. Chuoni nilifundishwa kanuni hiyo kwa somo moja. Hapa ninaiishi, tena mbele ya watu ambao wameitunza kwa miaka mingi.

Kuhusu fedha, Mama usiwe na wasiwasi. Kazi yangu ya kulipwa ya Jumamosi naendelea nayo, kodi ya chumba inalipwa, na kile kidogo cha kila mwezi nitaendelea kukituma. Ramani nitaifanya jioni, na kwa nguvu zaidi katika likizo ya Agosti na Septemba. Jibu la mwisho la maombi bado sijalipata. Hata wakisema nafasi hiyo hawanipi, ramani nitaiandika na kuiweka wazi, kwa kuwa leseni inaniruhusu, na yeyote ataweza kuichukua.

Sasa ninayo maombi kwenu pia. Baba, naomba umweleze mdogo wangu, naye aandike, jinsi maji yanavyokwenda pale kwetu kuanzia bamvua ya mwezi mwandamo hadi maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, na kurudi kwenye bamvua: yanachukua muda gani, fungu lipi hutoka kwanza, na mahali gani mtu huvuka akiwa amekunja nguo hadi magotini. Kama mkono hauumi, chora kwa kalamu tu mlango mmoja unaoujua vizuri, pamoja na miamba yake, na uonyeshe chombo hupita wapi wakati wa kusi na wapi wakati wa kaskazi. Picha za mikoko zipigwe maji yakiwa yamepwa, kutoka upande wa bahari, ili mizizi ya mlilana inayochomoza kwenye matope ionekane, na nyingine kutoka upande wa nchi kavu. Mdogo wangu asiende peke yake, na avae viatu kwa sababu ya chaza. Nahitaji vitu hivyo kabla ya mwisho wa Juni, maana wakaguzi wameomba marejeo ya picha, nami ningependa yatoke nyumbani.

Mchoro wako, Baba, ukikubali, nitauweka pamoja na maelezo ya ramani, na jina lako liandikwe miongoni mwa waliochangia kama utaridhia. Nijulishe kwa simu.

Nisalimieni Bibi, mwambieni dawa ya miguu nimeshampa jirani yetu anayekuja likizo. Msalimieni Baba Mdogo na wote wa pale bandarini. Nakuombeni dua.

Wasalaam,
Binti yenu